Aanze kusoma kwa lugha gani? Lugha ya nyumbani, Kiswahili au Kiingereza kwa mtoto wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Mtoto hafundishwi kusoma mara tatu eti kwa sababu nyumbani, sokoni na shuleni kwake kuna lugha tatu. Siku anapotambua kwamba alama hii ni sauti hii, na kwamba sauti zikiunganishwa zinatoa neno analolijua, kazi kubwa imekwisha. Lugha ya pili na ya tatu zitamdai herufi chache mpya na maneno mengi mapya, lakini hazitamrudisha mwanzo. Kwa hivyo mzazi wa Kondele, Kaptembwo au Chwele haombwi achague lugha moja na kuzizika nyingine. Anachoamua ni lugha itakayofungua mlango huo wa kwanza, na wakati wa kuziingiza zile nyingine.

Tunalinganisha hapa njia nne zinazotumika huku kwetu: lugha ya nyumbani kwanza, Kiswahili kwanza, Kiingereza kwanza, na lugha mbili sambamba. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa mtoto asiyesikia Kiingereza nyumbani, kuanza na Kiingereza ndiyo njia dhaifu kuliko zote, hata kama ndiyo inayotangazwa kwa mabango makubwa. Kati ya hizo tatu nyingine, jibu hutegemea anachoongea mtoto hasa, lugha yenyewe ilivyoundwa, na vitabu unavyoweza kuvipata.

Kwanza, pima masikio yake

Wazazi wengi hukosea wanapotaja lugha ya mtoto wao. Fomu ya shule inaandikwa "Dholuo" kwa kuwa baba ni Mluo, kumbe mtoto analelewa Bondeni mjini Nakuru, anacheza na watoto wa Kikuyu na wa Kikalenjin, na Dholuo anaisikia kwa amri tu: njoo, kaa, kula, nyamaza. Mtoto wa namna hiyo huelewa akiambiwa, lakini hujibu kwa Kiswahili. Ukimwanzishia kusoma kwa Dholuo utakuwa unamfundisha lugha na kusoma kwa wakati mmoja, na hilo ndilo kosa tunalowalaumu nalo wanaokimbilia Kiingereza.

Kipimo chenyewe hakihitaji mwalimu. Chukua picha moja yenye watu na shughuli. Hata ya kalenda ya ukutani inatosha. Mwambie mtoto akusimulie kinachotendeka humo, dakika mbili kwa kila lugha, kila lugha siku yake, na umrekodi kwa simu. Baadaye sikiliza uhesabu sentensi kamili alizotoa bila kurukia lugha nyingine. Kisha, kwa kila lugha, msomee au msimulie kisa kifupi cha sentensi nane hivi ambacho hajawahi kukisikia, na umwulize maswali matano: ni nani, ni wapi, alifanya nini, ikawaje, na kwa nini. Lugha anayokupa majibu manne au matano, na kusimulia sentensi kumi hivi mfululizo, iko tayari kusomwa. Akijibu mawili tu, lugha hiyo bado ni ya masikio na mdomo: mpe miezi sita ya hadithi na mazungumzo kabla ya kumwekea kitabu.

Sikiliza sana jibu la "kwa nini". Nani na wapi huweza kubahatishwa kwa kudaka neno moja. Sababu haidakwi hivyo.

Lugha ya nyumbani kwanza

Sera ya nchi imeyumba kwa muda mrefu. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendelea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikapendekeza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo, na mjini, ambako makabila yamechanganyika, iwe Kiswahili au Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaiagiza serikali iendeleze na kulinda lugha za wananchi. Mtaala wa umilisi ulioanza 2019 una somo la lugha ya kiasili Gredi ya 1 hadi ya 3. Lakini mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6 haulipimi somo hilo, na kisichopimwa huwa cha kwanza kuibiwa kipindi. Ukiichagua njia hii, panga kuishikilia nyumbani.

Faida yake ni kwamba maana iko tayari. Mtoto wa Nyakach akishatamka sauti za *nam*, haulizi ni kitu gani. Amekiona ziwa leo asubuhi. Nguvu zake zote zinabaki kwenye kazi moja tu, kuunganisha sauti. Tena mwalimu anagundua mapema mtoto anayebabaisha, kwa kuwa kosa katika lugha anayoijua humgutusha mtoto mwenyewe.

Lakini lugha za huku hazifanani, na hapa ndipo washauri wengi hupita juu juu. Tuzitazame mbili.

Dholuo hufunga silabi zake kwa konsonanti. Ukianza na herufi i, t, o, p, n, a, m, l, e, k unapata *it* (sikio), *ot* (nyumba), *pi* (maji), *nam* (ziwa), *lep* (ulimi) na *lak* (jino). Herufi kumi, maneno sita. Linganisha na Kiswahili: herufi sita tu, m, a, k, u, l, i, zinakupa mama, kaka, kuku, lala, lima na kula. Kiswahili hulipa haraka zaidi katika wiki za mwanzo. Dholuo nayo hulipa baadaye, kwa sababu mtoto aliyezoea kufunga neno kwa p, t au m hashangai akikutana na maneno mafupi ya Kiingereza yanayofungwa vivyo hivyo, kama *net* au *pan*. Aliyeanza na Kiswahili pekee huwa na mazoea ya kuongeza irabu mwishoni, akasoma *lep* kama "lepi" na *nam* kama "namu". Wenzetu wa Kikalenjin wako upande wa Dholuo kwa jambo hili: *lakwet*, *lagok*, *ng'alek*, yote yanafungwa.

Lubukusu, kama jamaa zake wa Kiluhya, huacha silabi wazi na ina ngeli. *Omwana* na *babana*, *engokho* na *chingokho*: mtoto anayejua kubadilisha mwanzo wa neno kutoka umoja hadi wingi ameshaelewa kiunzi cha mtoto na watoto. Kutoka Lubukusu kwenda Kiswahili ni daraja fupi. Kutoka Dholuo kwenda Kiswahili daraja ni refu upande wa ngeli, kwa sababu Dholuo haina upatanisho wa namna hiyo.

Ugumu mwingine wa Dholuo ni irabu. Inazo tisa kwa sauti, lakini herufi ni tano, na toni haiandikwi. *Kech* ni njaa, na *kech* ni ukali au uchungu wa kitu kinywani. Ni sentensi inayoamua. Mtoto anayeongea Dholuo vizuri hasumbuki, huchagua kwa maana. Anayeiongea nusunusu hukwama kila mstari. Ekegusii ni vivyo hivyo, irabu saba kwa herufi tano. Gĩkũyũ hutofautisha zake saba kwa kuweka alama juu ya ĩ na ũ, msaada mkubwa kwa msomaji mchanga, ila watu wazima huziacha wanapoandika kwenye simu, na mtoto hujifunza kwa anachokiona.

Njia hii huharibika kwa sababu nne, na zote huonekana mapema.

Kwanza ni lahaja. Hakuna lugha moja iitwayo Kiluhya ambayo mtoto wa Mbale na wa Kimilili wanaiongea sawasawa. Sauti ileile ambayo Lulogooli huandika kwa v, kama katika *vandu*, Lubukusu huandika kwa b, *babandu*. Kitabu cha Lubukusu mikononi mwa mtoto wa Kimaragoli ni kitabu cha lugha ya jirani. Kabla ya kununua, soma ukurasa mmoja kwa sauti; mtoto akiuliza maana ya maneno zaidi ya matano, kirudishe.

Pili ni uhaba wa vitabu baada ya kile cha kwanza. Kuna vitabu vya msingi vya zamani, mfululizo wa *Tujifunze Kusoma Kikwetu*, na kuna Biblia: ya Lulogooli ilikamilika 1951, ya Dholuo 1953. Katikati hapo, baina ya kitabu cha silabi na Mwanzo sura ya kwanza, kuna shimo, na watoto wengi huishia humo. Shimo hilo linahitaji matini fupi 20 hivi. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure za Dholuo, Lubukusu na lugha nyingine za Kenya, na leseni yake inaruhusu kuzichapisha. Karatasi moja ya A4 iliyochapwa pande zote mbili na kukunjwa inatoa kurasa nne. Kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi nne na pini mbili. Zinazobaki ziandikeni wenyewe: bibi (dani, kukhu au kogo) asimulie, wewe uandike sentensi sita kwa herufi kubwa, mtoto achore. Mluo anajua thamani ya *siwindhe*, nyumba ya bibi ambamo watoto walisimuliwa *sigana* usiku. Hadithi zilezile ndizo zinazoandikika vizuri, kwa kuwa zina maneno yanayorudiwarudiwa, na kurudia ndiko kunakomfunza anayeanza.

Tatu ni mzazi mwenyewe hajui kuandika lugha yake. Tunaiongea tangu utotoni lakini hatukufundishwa tahajia. Kosa la kawaida zaidi ni kuacha kibainishi, *wang'* likawa "wang". Jifunze herufi za lugha yako kwa wiki moja kabla ya mtoto kuanza. Kwa Dholuo zinazokosewa ni hizi: ch, dh, th, ny, ng'.

Nne ni kukata tamaa mapema. Bungoma inatufundisha hapa. Mwaka 2013 na 2014, PRIMR, mradi wa kusoma na hesabu katika shule za msingi, ulijaribu kusomesha kwa Lubukusu pale Bungoma, na kwa Kikamba kule Machakos. Watoto walisoma lugha yao vizuri zaidi. Lakini walipolinganishwa na wenzao waliofundishwa kwa mbinu zilezile bila lugha ya nyumbani, hawakuwapita kwa Kiingereza wala Kiswahili, na hesabu yao ilibaki nyuma. Wapo wanaolitumia jambo hilo kuizika njia yote. Sisi tunalisoma kama onyo kuhusu muda. Kule Ile-Ife, Nigeria, mradi ulioanza 1970 uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake, na watoto hao hawakuachwa nyuma. Mwaka mmoja wa lugha ya nyumbani humpa mtoto lugha ya nyumbani. Anayetaka matunda yake yafike kwenye masomo mengine aishikilie kwa miaka, na asiibie muda wa hesabu ili kuipata.

Kiswahili kwanza

Kwa urahisi wa herufi, hakuna inayoshindana nacho. Irabu tano, kila moja na sauti yake, silabi karibu zote wazi, na unavyotamka ndivyo unavyoandika. Vitabu vipo: tangu 2015 mpango wa Tusome ulisambaza vitabu vya Kiswahili na Kiingereza vya madarasa ya mwanzo katika shule za umma nchi nzima, na maduka ya vitabu ya Nakuru na Kisumu hayakosi vingine. Mwalimu akihamishwa, anayekuja anajua Kiswahili. Mtoto akihama kutoka Kitale kwenda Kisumu, haanzi upya.

Kwa watoto wa Nakuru mjini, Kiswahili si lugha ya kukopa tena. Katika ploti yenye nyumba kumi za makabila matano, ndicho wanachochezea, ndicho wanachogombania. Mara nyingi kipimo cha masikio kitakuambia kwamba hicho ndicho lugha yake ya kwanza, hata kama fomu imeandikwa vingine.

Tatizo ni kwamba Kiswahili cha ploti na cha kitabu havikai pamoja kwa amani. Mtoto anasema "kitabu yangu", "viatu zangu", "ile kitu". Kitabu kinamwambia kitabu changu, viatu vyangu, kile kitu. Mzazi anadhani mtoto anajua Kiswahili tayari, mwalimu anadhani hivyo hivyo, na hakuna anayemfundisha ngeli mpaka Gredi ya 4, alama zinapoanza kuporomoka. Dawa yake ni masikio kwa mara nyingine: msomee kwa sauti hadithi za Kiswahili sanifu dakika kumi kila jioni, kuanzia miaka minne. Usimsahihishe kila anapoongea na wenzake. Rudia tu sentensi yake kwa umbo sanifu unapomjibu: yeye akisema "viatu zangu zimepotea", wewe uliza "viatu vyako vimepotea wapi?" Miezi mitatu ya namna hiyo hufanya kazi ambayo orodha ya ngeli ukutani haifanyi.

Upungufu wa pili ni wa kijijini. Mtoto wa Alego, au wa ndani kabisa kule Nandi, asiyesikia Kiswahili ila redioni, akianzishwa nacho anakutana na ugeni karibu sawa na ule wa Kiingereza. Herufi zitakuwa rahisi, maana haitakuwepo. Atasoma "lima" vizuri, asijue ni kufanya nini.

Kiingereza kwanza

Tunaielewa hofu ya mzazi. Kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, barua za kazi ni za Kiingereza, na mtoto wa jirani anayesoma akademi anaimba alfabeti akiwa na miaka mitatu. Hofu hiyo ina historia. Wapo watu wazima wengi huku waliovalishwa kibao shingoni, kile kilichoitwa monita au diski, kwa kosa la kuongea lugha ya mama zao uwanjani, na wanawaza kumwepusha mtoto na aibu ile.

Lakini tazama kazi anayopewa huyo mtoto. Kiingereza kina herufi 26 na sauti takriban 44. Herufi a ina sauti moja katika *cat*, nyingine katika *cake*, nyingine katika *car*. Maneno ya mwanzo kabisa, kama *one*, *two* na *said*, hayasomeki kwa kuunganisha sauti, yanakaririwa. Hata watoto wenye Kiingereza nyumbani huchukua muda mrefu zaidi kuliko wanaojifunza kusoma lugha yenye tahajia nyoofu. Kwa asiye nacho, kazi ni mbili kwa pamoja: sauti zisizotabirika, na maneno yasiyo na maana kwake.

Matokeo yake hudanganya. Mtoto "anasoma" ukurasa mzima kwa wimbo, mzazi anafurahi. Mjaribu hivi: funika picha, andika maneno yaleyale matano kwa mpangilio mwingine kwenye karatasi tupu, umwambie asome. Akishindwa, alikuwa amekariri ukurasa. Akisoma yote, mwulize maana kwa lugha yoyote. Wengi huanguka katika moja ya hatua hizo mbili, na huwa hawajulikani mpaka Gredi ya 3 au ya 4, kurasa zinapozidi uwezo wa kukariri.

Njia hii inafaa nyumba ambayo Kiingereza kinaongewa kweli, mezani na bafuni, na mtoto amepita kipimo cha masikio kwacho. Zipo nyumba hizo, Milimani na kwingineko. Mzazi wa nyumba hiyo asione haya; aanze nacho, ila aongeze Kiswahili ndani ya mwaka mmoja.

Lugha mbili sambamba

Kwa familia nyingi hii ndiyo itakayotokea, utake usitake, kwa sababu shule itaanza na Kiswahili na Kiingereza wakati wewe unashughulika na Ekegusii nyumbani. Inawezekana, kwa masharti.

Usianze zote wiki moja. Achanisha kwa wiki nane hadi kumi: lugha yenye nguvu kwanza, ya pili ifuate mtoto akishaweza kuunganisha silabi mbili bila kusaidiwa. Kila lugha iwe na daftari lake na saa yake. Dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 15 katika wiki 12 za muhula. Zinatosha kwa herufi zote za lugha ya nyumbani ikiwa mtoto anaiongea. Ni bora kila lugha iwe na mtu wake, mathalani baba kwa Lulogooli na dada mkubwa kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto huibadili lugha akimwona mtu, bila kuambiwa.

Kuchanganya maneno katika kuongea kusikutishe. Mtoto anayesema sentensi moja yenye lugha mbili anatumia vyote alivyo navyo. Katika kuandika tu ndiko tunakotenganisha.

Kinachowachanganya hasa ni herufi zenye sura moja na sauti tofauti. Th ya Kiswahili, kama katika thamani, hupitisha pumzi kati ya ulimi na meno. Th ya Dholuo, *thuol* (nyoka), ulimi hugusa meno na kuziba pumzi kwanza. Th ya Gĩkũyũ inakaribia dh ya Kiswahili katika dhahabu. C ya Gĩkũyũ, kama katika *cai*, wengi huitamka kama sh, wakati Kiswahili hakina c peke yake. B ya Lubukusu haifungi midomo sawasawa kama b ya Kiswahili. Ng' ni habari njema: aliyeijua katika *ng'ut*, shingo, amekwishaijua katika ng'ombe. Kanuni yetu ni kutoanzisha herufi ya kugongana katika lugha zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Ianzishe katika moja, ikomae, ndipo uilete nyingine ukiwa umeiandika kwa rangi tofauti.

Zipo pia sauti ambazo lugha ya nyumbani haina, na zitajitokeza kwenye imla ya Kiswahili. Dholuo haina sh, kwa hiyo shamba linaandikwa "samba". Mtoto wa Kibukusu huweza kuandika "papa" kwa baba, na wa Kikuyu kuchanganya l na r. Haya ni makosa ya sikio, na kumcheka mtoto kwamba anashrabu, yaani anatamka kwa lafudhi ya lugha ya nyumbani, humfunga mdomo tu. Tumia jozi: sindano na shindano, bata na pata, kula na kura. Tamka moja, aonyeshe picha yake. Mara kumi kwa siku, wiki mbili. Sikio likifunguka, mkono hufuata.

Kasi nayo isikupoteze unapolinganisha maendeleo. Viwango vilivyotumika nchini kwa msomaji hodari wa madarasa ya mwanzo ni maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Mtoto hajawa mzito zaidi kwa Kiswahili: neno moja kama "watakapowaona" lina mzigo wa maneno manne au matano ya Kiingereza. Lubukusu ipime kwa mizani ya Kiswahili. Dholuo, yenye maneno mafupi, itakaa katikati.

Nani achukue njia ipi

Nakuru mjini, wazazi wa makabila mawili, mtoto anacheza kwa Kiswahili: anza kusoma kwa Kiswahili. Lugha za baba na mama zibaki za mdomo, kila mzazi aongee yake bila kubadilisha, na zianze kusomwa Gredi ya 2. Shule ikisema inafundisha lugha ya kiasili, uliza mambo matatu: ni lugha ipi, mwalimu wake anaiandika, na kipindi kiko saa ngapi kwenye ratiba. Katika mji kama huu, lugha iliyochaguliwa inaweza isiwe yako.

Kando ya Kisumu, Nyakach, Siaya, au ndani ya Vihiga na Bungoma, nyumba ya lugha moja: anza na lugha hiyo, Kiswahili kifuate baada ya wiki kumi, Kiingereza kiwe cha mazungumzo, nyimbo na michezo mpaka muhula wa tatu. Shule ikikuzidi kasi na Kiingereza chake, usigombane nayo. Endelea na dakika zako 15.

Kisumu mjini, Manyatta au Nyalenda, mtoto anaongea Dholuo na Kiswahili kwa nguvu sawa: sambamba, ukianza na Kiswahili kwa sababu ya vitabu, Dholuo ikifuata kabla mazoea ya kuongeza irabu mwishoni hayajashika. Maseno, ambako Waluo na Wanyore wanapakana, pima kila mtoto peke yake. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kutofautiana kwa sababu ya aliyewalea.

Na popote ulipo, mtoto akiadhibiwa au kuaibishwa shuleni kwa kuongea lugha yake, nenda ukaongee na mwalimu mkuu kwa upole ukiwa na sheria mkononi: Ibara ya 44 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutumia lugha aitakayo, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kudhalilisha, ya mwili na ya akili pia.

Kwa aliyechelewa

Mtoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6 anayesoma Kiswahili na Kiingereza, anaongea Dholuo na nyanya yake, lakini hajawahi kuisoma, anahitaji wiki sita tu. Wiki ya kwanza, mpe herufi anazozijua tayari na maneno mafupi yaliyofungwa: *ot*, *nam*, *lak*. Wiki ya pili, *th* na *dh*, huku akiweka kiganja mbele ya mdomo asikie pumzi inavyozibwa. Ya tatu, *ng'* na *ny* mwanzoni na mwishoni mwa neno. Ya nne, imla ya maneno manane kila siku. Ya tano, hadithi ya kurasa nane, aisome mara tatu kwa siku tatu. Ya sita, amwandikie dani barua ya mistari mitano, kisha ampigie simu na kumsomea. Dani akimrudisha kwenye neno, mtoto aliandike upya, kwa sababu mara nyingi neno analorudishwa nalo lina kibainishi alichokisahau.